Michezo ya Milango ya Fahamu: Namna ya Kumwandalia Mtoto Mdogo Nyumbani

Wazazi, dada wanaolea watoto majumbani na walezi wa vituo vya kulelea watoto mchana huuliza maswali yale yale kila mara: mtoto aanze akiwa na umri gani, vinunuliwe vifaa gani, ifanyweje akitia mchanga mdomoni, na je, si vibaya kumwachia mtoto achezee chakula. Tangu Tanzania ilipozindua Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, jijini Dodoma, Desemba 2021, maneno "fursa za ujifunzaji wa awali" yamekuwa yakisikika zaidi, na wapo wanaodhani kwamba maana yake ni kununua vitabu na midoli ya bei kubwa. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yao. Mtoto wa miezi sita hadi miaka mitano anajifunza kwa kugusa, kunusa, kuonja, kusikiliza, kutazama na kusogeza mwili wake, na karibu kila anachokihitaji kwa kazi hiyo kipo tayari jikoni na uani. Kinachopungua mara nyingi ni mtu mzima aliyekaa karibu naye, aliyetulia, anayeuacha mkono wa mtoto ufanye kazi wenyewe.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Beseni au karai moja pana lenye kina kifupi, lisilo na kutu wala kingo zinazokata.
- Mkeka, turubai au jamvi la plastiki la kutandika chini.
- Vyombo vinne au vitano vya jikoni: kikombe cha plastiki, upawa, kijiko cha mbao, chujio, na kifuu cha nazi kilichosuguliwa kingo zake.
- Nguo kuukuu za mtoto, na kanga au taulo la kumfutia.
- Maji safi na sabuni ya kunawia, kabla ya mchezo na baada yake.
- Nusu saa ambayo hutashika simu wala kuinuka kwenda kutazama chungu.

Lipo jambo moja la usalama ambalo linatawala yote yatakayofuata, nalo ni ukubwa wa vitu. Chukua lile bomba la boksi linalobaki karatasi ya chooni inapokwisha: kitu chochote kinachopenya ndani yake ni kidogo mno kwa mtoto aliye chini ya miaka mitatu, kwa sababu kinaweza kumkaba koo. Kwa hiyo maharage, kunde, choroko, mahindi, vifungo, shanga, gololi na vifuniko vya chupa vingoje mpaka mtoto atimize miaka mitatu na awe ameacha tabia ya kutia vitu mdomoni. Vile vishanga vya maji vya rangi, vinavyovimba vikilowekwa, usiviingize nyumbani kabisa kama una mtoto mdogo; akikimeza kimoja, kinaendelea kuvimba tumboni na kinaweza kuziba utumbo.

Chupa zozote utakazotumia ziwe ni zile unazojua kwa hakika kwamba zilikuwa na maji ya kunywa. Chupa iliyowahi kutiwa mafuta ya taa au dawa ya kuulia wadudu haisafishiki kwa kiwango cha kumfaa mtoto, hata ukiiosha mara ngapi.

Kuhusu kuchezea chakula, wazee wanaosema kwamba chakula hakichezewi wana haki ya kusikilizwa, hasa katika nyumba ambayo kibaba cha unga kinahesabiwa. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu inatumia maji, mchanga na udongo. Nafaka iliyobunguliwa na wadudu unaweza kuitumia kwa watoto wa miaka mitatu na kuendelea baada ya kuipepeta, lakini nafaka iliyoota ukungu itupwe, kwa kuwa huenda ina sumukuvu na vumbi lake si la kuvuta.

Beseni la maji: anzia hapa

Kama hujawahi kufanya mchezo wowote wa namna hii, anza na maji wala usikimbilie vingine. Yanafaa kwa mtoto yeyote anayeweza kukaa bila kuegemezwa, hayahitaji matayarisho, na yanamfundisha mtu mzima kutulia.

1. Chagua saa inayofaa. Pwani, kuanzia Mombasa hadi Mtwara, mchezo wa nje ufanyike kabla ya saa nne asubuhi au baada ya saa kumi jioni, kivulini. Katika nyanda za baridi kama Njombe, Mbeya au Limuru, hasa miezi ya Juni na Julai, ufanye adhuhuri na utumie maji ya vuguvugu, uliyoyapima kwanza kwa kiwiko chako.
2. Tandika turubai, weka beseni katikati, kisha tia maji yasiyozidi kina cha vidole viwili vilivyolazwa. Tumia maji ambayo usingeogopa mtoto akiyanywa, kwa sababu atayanywa. Wakati wa mlipuko wa kipindupindu tumia maji yaliyochemshwa yakapoa, au yaliyotiwa dawa.
3. Weka vyombo viwili tu, kwa mfano kikombe na upawa. Vyombo vingi vikiwekwa kwa pamoja, mtoto huvivuta kimoja baada ya kingine bila kukaa na chochote.
4. Mkalishe mtoto, nawe ukae sakafuni karibu naye kiasi cha kumfikia kwa mkono mmoja.
5. Chota maji, yamimine polepole mbele yake mara moja, kisha weka kikombe chini. Usimshike mkono kumwonyesha.
6. Ngoja. Hatua hii ndiyo inayowashinda wengi. Huenda mtoto akayatazama maji tu kwa dakika mbili, akayapiga kofi, akatia kidole kimoja na kukitoa. Hiyo ndiyo kazi yenyewe, na inaendelea vizuri.
7. Anapofanya jambo, litaje kwa maneno machache: "Umemwaga." "Maji baridi." "Nguo imelowa chepechepe." Neno linalokuja wakati mkono uko majini humwingia mtoto vizuri kuliko neno analofundishwa kwa picha.
8. Akianza kuchoka, ongeza kitu kimoja: chujio, au kipande cha sifongo kikubwa kuliko ngumi yake cha kukamua. Mtoto wa miaka mitatu mpe vyombo viwili vya maumbo tofauti vinavyojaa maji sawa, kimoja kirefu na chembamba, kingine kifupi na kipana, kisha mwache ahamishe maji baina yake bila kumpa maelezo.
9. Anapomaliza, mwaga maji hapo hapo kwenye maua au mchicha, kisha lifudikize beseni.

Hatua ya tisa si ya usafi peke yake. Mtoto mchanga anaweza kuzama katika maji ya sentimita tano, na huzama kimya, bila kupiga kelele wala kurusha maji. Ukiitwa mlangoni, nenda ukiwa umembeba. Usimwachie ulinzi mtoto mwenzake wa miaka sita au saba, hata kama ni mtiifu.

Mtoto wa mwaka mmoja atacheza dakika tano hadi kumi, na yule wa miaka minne anaweza kufika dakika arubaini. Rudia mchezo huo huo siku kadhaa mfululizo kabla ya kuubadilisha. Watu wazima huchoshwa na marudio mapema mno, ilhali mtoto anayemimina maji kwa siku ya nne anapima jambo ambalo siku ya kwanza hakuliona.

Mchanga

Watoto wetu wamecheza mchanga tangu zamani, wakipika pilau na samaki wa mchanga ndani ya vifuu katika mchezo wa baba na mama. Unachopaswa kuongeza wewe ni usafi, kwa kuwa paka na mbwa hupenda kujisaidia katika mchanga ulio wazi, na udongo wenye kinyesi hubeba mayai ya minyoo pamoja na mabuu ya safura yanayopenya ngozi ya nyayo.

1. Chukua mchanga wa mto, au ule wa kujengea ambao haujachanganywa na saruji. Saruji huunguza ngozi na macho, kwa hiyo usichote karibu na mahali zege lilipokorogwa.
2. Uchekeche ili kuondoa kokoto, vipande vya chupa na misumari. Mchanga wa ufukweni uchunguze zaidi, maana vipande vya kombe hukata kama wembe.
3. Uoshe ndani ya ndoo, ukimwaga maji ya juu na kuongeza mengine, mpaka maji yatoke meupe.
4. Uanike juani juu ya turubai kwa siku mbili, ukiugeuza mara kwa mara.
5. Hifadhi kwenye ndoo yenye mfuniko. Ndoo moja ya lita kumi inawatosha watoto wawili.
6. Wakati wa mchezo, mimina nusu yake ndani ya karai na kwanza umpe mtoto ule mchanga ukiwa mkavu, wa kuchota na kuchekecha. Siku nyingine uloweshe kidogo, kiasi kwamba ukiufinya mkononi unashikana, ili aweze kujaza kikombe, kukifudikiza na kutoa keki.
7. Kwa aliyetimiza miaka mitatu, fukia vitu vitano anavyovijua, kama kijiko, kifuu, kitana, funguo na jiwe kubwa laini, kisha mwombe apapase na kutaja alichokishika kabla ya kukitoa. Ajaribu akiwa ametazama kwanza, halafu akiwa amefumba macho. Usimfunge kitambaa usoni kama hataki.

Unga wa kufinyanga

Mchezo huu ni wa aliyetimiza miaka miwili na anayeelewa anapoambiwa kwamba kitu fulani hakiliwi. Unga huu una chumvi nyingi sana, na donge kubwa likimezwa na mtoto mdogo linaweza kumdhuru. Mtoto ambaye bado anatia kila kitu mdomoni mpe ugali laini uliopoa, au ndizi mbivu ya kuponda. Hivyo akila, amekula.

Kwa mtoto mmoja au wawili utahitaji unga wa ngano kikombe kimoja, chumvi laini nusu kikombe, maji kikombe kimoja, mafuta ya kupikia kijiko kimoja kikubwa, na maji ya limau kijiko kimoja kikubwa. Rangi itoke jikoni: manjano nusu kijiko cha chai hutoa rangi ya dhahabu, maji ya choya yakitumiwa badala ya maji matupu hutoa wekundu, na mchicha uliopondwa ukachujwa hutoa kijani. Manjano hayatoki kwenye nguo, kwa hiyo mvishe mtoto ile nguo kuukuu.

1. Changanya unga na chumvi ndani ya sufuria iliyo nje ya moto.
2. Tia maji yenye rangi, mafuta na limau, kisha koroga mpaka madonge yote yaishe. Madonge yanayoachwa hapa hayataondoka baadaye.
3. Injika kwenye moto mdogo, ukisonga kwa mwiko bila kuacha. Kama unatumia jiko la mkaa, ondoa makaa kadhaa kwanza. Mtoto akae mbali kabisa na hatua hii.
4. Baada ya dakika chache mchanganyiko utaanza kushikana na kuachia kingo za sufuria, na utakuwa mzito kama ugali. Ipua hapo.
5. Umimine juu ya sinia, uache upoe. Katikati hubaki na moto muda mrefu kuliko nje, kwa hiyo upasue na uguse ndani kabla ya kumpa mtoto.
6. Ukande kwa dakika tano mpaka uwe nyororo.
7. Mpe mtoto donge lenye ukubwa wa chungwa, bila chombo chochote siku ya kwanza. Abinye, avingirishe, apige bapa, achane. Siku zinazofuata ongeza kijiti cha kuchorea, kitana cha kuchapia alama, au mti mfupi wa kusukumia chapati.

Usiruke upishi kwa kukanda unga mbichi na maji baridi. Unga mbichi wa ngano unaweza kuwa na vijidudu vya kuhara, na zaidi ya hayo unga usiopikwa hunata na kuharibika upesi. Ukiufunga vizuri ndani ya mfuko au kopo, uliopikwa hukaa wiki mbili hivi; ukinuka vibaya au kuota madoa, utupe.

Palipo na udongo wa mfinyanzi, sioni sababu ya kutumia unga. Udongo ni bure, una ubaridi na uzito ambao unga hauna, na mikono ya mtoto hupata nguvu zaidi kwa kuukanda. Uchimbwe mahali pasipopigwa dawa za shamba, utolewe mizizi na mawe, ulowekwe usiku kucha, kisha ukandwe.

Harufu na sauti

Kwa harufu, funga karafuu, mdalasini, mchaichai, majani ya mrehani na maganda ya chungwa katika vipande vya kanga kuukuu, kila kitu fundo lake, kisha mwache mtoto anuse na kutafuta kitu hicho jikoni. Mafundo yawe makubwa na yamekazwa barabara. Pilipili isitumike, wala dawa ya nondo, ambayo ni sumu na inafanana na peremende.

Kwa sauti, chukua chupa sita za nusu lita zisizoonyesha ndani, au zilizovishwa kitambaa. Mbili zitie mchele, mbili mchanga, mbili kokoto, kwa kiasi sawa, na vifuniko uvigandishe kwa gundi kisha uvizungushie utepe. Mtoto wa miaka minne atikise na kuoanisha zinazofanana. Mdogo wake atazitikisa tu kama kayamba, na hilo linamtosha.

Makosa yanayoharibu mchezo

Kosa kubwa ni kumuuliza mtoto maswali mfululizo: hii rangi gani, hiki nini, hesabu basi. Mchezo ukigeuka mtihani, mtoto huacha kutazama mikono yake na kuanza kuutazama uso wako. La pili ni kumkaripia kwa kuchafuka baada ya kumpa mwenyewe kitu kinachochafua. Kama leo huna nafasi ya kufua, mpe mafundo ya harufu na udongo usubiri kesho. Lingine ni kutumia mbegu bila kuzijua. Mbegu za mbarika, za mbono, na zile nyekundu zinazong'aa zenye doa jeusi ni sumu kali, na hazifai hata kwa kupanga kete za bao ikiwa mtoto mdogo yuko karibu. Maharage mabichi nayo hudhuru yakitafunwa.

Yanapotokea matatizo

*Mtoto hataki kugusa kabisa.* Usimsukumie mkono. Mpe kijiko au kijiti agusie kwa mbali, wewe ukicheza mbele yake, na umwekee kitambaa cha kujifutia kila anapotaka. Watoto wengi hukubali baada ya siku kadhaa. Kama anakataa takribani kila kitu, analia akiguswa na maji au nguo mpya, na pia haitiki akiitwa au amechelewa kusema, mweleze mhudumu wa kliniki ya watoto; baadhi ya watoto wenye usonji huwa hivyo, na msaada wa mapema unafaa.

*Anatia mchanga mdomoni.* Mfute, mwambie "mchanga ni wa kuchota," kisha mrudishe kwenye upawa. Akirudia mara tatu, badilisha mchezo bila hasira na ujaribu tena baada ya wiki kadhaa. Mtoto anayetafuta udongo kila siku ili aule apelekwe akapimwe damu na minyoo.

*Anarusha.* Huyu anahitaji kutumia nguvu. Mpe ndoo ndogo ya mchanga aibebe kutoka hapa hadi pale, au udongo mgumu wa kutwanga kwa ngumi, kisha mrudie mchezo wa kutulia.

*Punje imeingia puani au sikioni.* Usichokonoe kwa kijiti wala kidole, kwani utaisukuma ndani, na usitie maji, kwa sababu nafaka huvimba. Mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo.

*Amekabwa na hawezi kulia wala kukohoa.* Aliyetimiza mwaka mmoja mwinamishe mbele, umpige mara tano kwa kiganja katikati ya mabega. Kisiporuka, simama nyuma yake, umzungushie mikono na umbonyeze juu ya kitovu kwa kuvuta ndani na juu mara tano, ukirudia zamu kwa zamu huku mtu mwingine akiita msaada. Aliye chini ya mwaka mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa kikiwa chini, umpige mgongoni mara tano, kisha umgeuze na kumbonyeza kifuani kwa vidole viwili mara tano. Huyu wa chini ya mwaka usimbonyeze tumbo.

*Mikono inamwasha au kumchoma akishika unga.* Chumvi imeingia katika mkwaruzo. Mnawishe, mpake mafuta, na mchezo huo ungoje mpaka ngozi ipone.

*Unga unanata.* Pwani hili hutokea sana wakati wa masika, kwa kuwa chumvi huvuta unyevu wa hewa. Ongeza unga mkavu kijiko kimoja kimoja huku ukikanda. Kama ulinata tangu ulipoipuliwa, haukuiva. Urudishe motoni dakika mbili.

*Unga unakatikakatika.* Umekauka. Lowesha mikono, paka mafuta matone machache, ukande tena.

*Sisimizi wameuvamia.* Utupe, uoshe kopo, na mara nyingine ulihifadhi juu ya kisahani chenye maji kidogo, mahali ambapo mtoto hafiki.

*Umegandia mkekani.* Usiusugue ukiwa mbichi. Uache ukauke mpaka kesho yake, uubandue kwa ukucha au kijiko, kisha ufute kwa kitambaa chenye maji ya vuguvugu.